Krismasi na Wageni wa Nyumbani Mkiwa Misheni: Mwongozo Kamili kwa Wanandoa Waandamizi

Kila ikifika Januari malalamiko ni yaleyale. Watoto walikuja, wajukuu walikuja, nauli ya msimu wa sikukuu ikalipwa, kisha wiki ikaisha babu na bibi wakiwa hoi, kazi ya misheni imelala, na binti mkubwa akinung'unika kwamba hata nafasi ya kukaa na mama yake wakazungumza hakuipata. Chanzo karibu kila mara ni kimoja: familia ilikuja likizo, wenyeji wao hawakuwa likizoni, na hakuna aliyelisema hilo mapema.

Mwongozo huu ni wa wanandoa waandamizi, yaani mume na mke wa umri mkubwa wanaohudumu kama wamisionari katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mbali na kwao, ambao familia inataka kuwafuata Desemba. Dada mwandamizi asiye na mume hapo, anayehudumu na mwenza (dada mwingine aliyepangiwa kuhudumu naye), anaweza kuufuata pia, ila Hatua ya 3 aisome kwa makini zaidi.

## Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Ridhaa ya rais wa misheni (kiongozi anayewasimamia wamisionari wa eneo lenu) kwa maandishi, yenye tarehe.
- Tarehe za uhamisho wa wamisionari na za mkutano wa Krismasi wa misheni.
- Kalenda kubwa ya karatasi ya kubandika ukutani, na kalamu za rangi mbili.
- Nakala za pasipoti za wageni wote, watoto wachanga wakiwemo.
- Makadirio ya gharama, yaliyokubaliwa na pande zote mbili.
- Anwani yenu kamili na namba ya simu, vikiandikwa kwa lugha ya mahali mnapohudumu. Dereva wa teksi usiku hatasoma lugha yenu.
- Orodha ya kazi ambazo wageni watazifanya. Ndiyo, kazi. Tutafika huko.

Anzeni kati ya Juni na Agosti. Mkianza Novemba bado mtaweza, lakini kwa nauli ya juu na viza ya kuomba Mungu.

## Hatua ya 1: Zungumzeni na rais wa misheni kabla tiketi haijakatwa

Wamisionari waandamizi wana uhuru ambao vijana hawana. Hamfungwi na ratiba yao ya kila siku, na mnaongea na familia yenu mnapotaka. Uhuru huo ndio unaowafanya wengi wadhani kwamba ugeni wa familia ni jambo lao binafsi. Lakini mkiwa kwenye ofisi ya misheni, Desemba ndiyo miezi miwili iliyobanwa ndani ya mmoja: vifurushi vya vijana vinamiminika, hesabu za mwaka zinafungwa, na simu hazikomi. Wanaohudumu hekaluni au kwenye miradi ya kibinadamu nao wana kalenda isiyopangwa na wao.

Andikeni ujumbe mfupi, unaotaja tarehe na unaoonyesha kazi itakayoendelea. Mfano:

"Rais, binti yetu, mume wake na watoto wao watatu wangependa kututembelea kuanzia tarehe 18 hadi 28 Desemba. Watalala nyumba ya wageni iliyo karibu nasi. Tunaomba kuwa huru alasiri ya tarehe 22 na siku nzima ya tarehe 26. Tarehe 21, 23 na 24 tutafanya kazi ya ofisi kama kawaida. Je, kuna shughuli ya misheni katika siku hizo ambayo hatujaijua?"

Swali la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Rais anaweza kuwa na ugeni wa kiongozi, au mkutano wa kanda, ambao bado haujatangazwa. Ulizeni pia mambo mawili ambayo watu husahau: kama wageni wanaruhusiwa kulala kwenye nyumba iliyopangwa na misheni, na kama wanaruhusiwa kupanda gari la misheni. Kuliendesha wasifikirie kabisa. Usukani ni wa wamisionari walioidhinishwa tu.

Tahadhari: Msimwambie rais "watoto wameshakata tiketi." Hapo hamuombi tena, mnatoa taarifa, naye hana la kufanya ila kuwakubalia huku akitafuta wa kuziba pengo lenu.

Mtajua mmefaulu mkiwa na jibu la maandishi lenye tarehe za uhuru na tarehe za kazi. Lile la kuambiwa mlangoni, "haina shida, karibisheni tu," halitoshi.

## Hatua ya 2: Chagueni tarehe kwa kutazama juma, si tarehe 25 peke yake

Angalieni Krismasi inaangukia siku gani. Mwaka 2026 ni Ijumaa, kwa hiyo mna siku tatu mfululizo hadi Jumapili. Mwaka 2027 ni Jumamosi. Mwaka 2028 ni Jumatatu, na hiyo ina mtego wake: siku iliyotangulia ni Jumapili, Sabato yenu, basi manunuzi yote na mapishi mazito yawe yamekwisha Jumamosi tarehe 23. Ikiangukia Jumapili, kama ilivyokuwa 2016 na 2022, waumini hukutana kwa mkutano wa sakramenti tu, yaani ibada kuu ya Jumapili bila madarasa. Hilo halitatokea tena hadi 2033.

Kisha hesabuni uhamisho. Misheni nyingi huhamisha wamisionari kila baada ya wiki sita. Chukueni tarehe ya uhamisho wa mwisho mnaoujua, ongezeni wiki sita mara kadhaa, mwone unadondokea wapi. Siku ya uhamisho na siku moja kabla yake, msimpokee mgeni yeyote uwanja wa ndege.

Wageni wafike angalau siku nne kabla ya Krismasi. Mwili hujirekebisha takriban saa moja kwa siku baada ya kuvuka kanda za saa, na anayeruka kuelekea mashariki huumia zaidi ya anayeelekea magharibi. Mjukuu aliyetua tarehe 24 atalala usingizi wa pono wakati wa zawadi na kuamka saa nane usiku akidai uji. Mizigo nayo hupotea msimu huu, na siku nne huipa nafasi ya kurudi.

Kuhusu urefu wa ziara, msimamo wangu ni siku nane hadi kumi. Chini ya hapo nauli inauma. Zaidi ya hapo, mnaanza kuombea ndege iwahi.

## Hatua ya 3: Tenganisheni vitanda

Hapa wengi hukaidi. "Mwanangu nimlaze hotelini nami nina sebule?" Mlaze. Nyumba za wanandoa waandamizi kwa kawaida ni ndogo, na nyingine zimekodishwa na misheni kwa masharti yake. Watu saba wakigombea bafu moja saa kumi na mbili asubuhi, na ninyi mnatakiwa ofisini saa mbili, upendo unapungua kwa kasi.

Nyumba ya wageni ya umbali wa kutembea kwa miguu ndiyo bora. Ninyi mnapata saa za kulala na kujifunza maandiko, wao wanapata mahali pa kumpeleka mtoto anayelia. Watu wazima wawili wanaweza kulala kwenu bila tabu. Familia yenye watoto wadogo, hapana.

Dada mwenye mwenza: nyumba hiyo si yako peke yako. Mwulize mwenzako kabla ya kumwuliza rais, tena umwulize kwa namna inayomwachia nafasi ya kukataa. Kama familia yake haiji, mwingize kwenye mipango tangu mwanzo, na pia mwachie jioni moja mbili za kuwa bila kelele za wajukuu wa mtu mwingine.

## Hatua ya 4: Semeni mambo ya pesa kwa sauti

Mnajigharimia misheni yenu, na bajeti yenu ya mwezi imepimwa kwa watu wawili. Wageni watano kwa siku kumi hubadilisha umeme, maji, chakula na usafiri. Mtoto aliyezoea kumkuta baba akilipa kila kitu hataliona hilo asipoambiwa.

Gawanyeni mapema: nani analipa malazi, nani chakula cha nyumbani, nani matembezi. Kama watoto wenu ndio wanaochangia misheni yenu, jambo hili ni nyeti zaidi, maana wengine huona wameshalipa. Mwambieni kila mmoja peke yake, si kwenye kundi la simu la familia ambako mmoja akijibu kwa ukali wote wanatazama.

## Hatua ya 5: Nyaraka, chanjo na mabegi

Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai kupita tarehe ya safari. Angalieni ya mtoto kwanza, kwa sababu pasipoti za watoto huwa na muda mfupi kuliko za wakubwa na ndizo hukwamisha familia nzima. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, awe na barua ya idhini ya mzazi aliyebaki, iliyothibitishwa na mwanasheria.

Kwenye maombi ya viza andikeni ukweli: tunakwenda kuwatembelea wazazi wetu. Wasiandike kwamba wanakwenda kufanya kazi ya Kanisa, na wakifika wasiifanye. Baadhi ya nchi hazimruhusu mwenye viza ya utalii kuhubiri. Mgeni asivae beji ya mmisionari hata kwa utani wa picha.

Ikiwa nchi inadai chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, basi kuchanjwa wiki ya safari hakusaidii. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Kama kuna malaria, wamwone daktari mwezi mmoja au zaidi kabla, kwa kuwa dawa nyingine za kinga huanza kunywewa wiki kadhaa kabla ya safari.

Mabegi yana mambo matatu tu:

1. Dawa zenu wanazowaletea kutoka nyumbani zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na nakala ya cheti cha daktari.
2. Betri za kuchajia simu ziwe begi la mkononi pia. Haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini.
3. Zawadi zisifungwe kwa karatasi. Wakaguzi wanaweza kuzifungua. Walete karatasi na utepe, mfungie huku.

## Hatua ya 6: Kalenda ya ukutani

Bandikeni kalenda mahali ambapo kila mtu ataiona, karibu na friji au mlango wa kutokea. Rangi moja ni ya kazi ya misheni, nyingine ni ya familia. Anzeni na rangi ya kazi: yote mliyomwahidi rais. Kisha wekeni rangi ya familia kwenye nafasi zilizobaki, jambo moja kubwa kwa siku na si zaidi.

Kwa nini karatasi wakati kila mtu ana simu? Kwa sababu mtoto wa miaka saba hafungui kalenda ya simu ya babu yake. Akiisoma ukutani kwamba leo babu yuko kazini hadi saa tisa, hatasimama dirishani kuanzia saa nne.

Siku moja ya katikati iandikwe hivi:

*Saa 2 hadi 7: Babu na bibi ofisini. Wageni wanapumzika, wanafua, wanatembea karibu.*
*Saa 8: Chakula pamoja.*
*Saa 10 hadi 12: Kumtembelea mama mjane wa tawi (kusanyiko dogo la waumini), sote.*
*Jioni: hakuna kitu.*

Mstari wa "hakuna kitu" uandikwe kwa rangi ya familia, nao ulindwe kama miadi. Mazungumzo ambayo binti yako amesafiri kuja kuyafanya hutokea hapo, wakati vyombo vinaoshwa na hakuna anayeharakisha.

Alasiri moja ya ziara nzima itengwe kwa kila mtoto mzima, yeye na wazazi wake wawili, bila wajukuu wala wakwe. Huu ndio ushauri ambao watu huuona wa ziada, na ndio ambao wakiukosa huujutia.

## Hatua ya 7: Siku ya tatu, mpeni jembe

Wahenga walishasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wasio na kazi hugeuka kuwa kazi.

Zipo nyingi. Kufungasha mifuko ya zawadi ya wamisionari vijana. Kupanga viti vya mkutano wa Krismasi. Kupika kwa watu ishirini. Kumsaidia rais wa tawi kupeleka watu nyumbani baada ya ibada ya usiku, kwa gari la kukodi.

Kazi inayowapendeza sana wajukuu wenu walio vijana ni dawati la simu za video. Tangu Februari 2019 wamisionari vijana wanaruhusiwa kuwasiliana na familia zao kila wiki, lakini simu ya Krismasi bado ni simu ya Krismasi. Sebule yenu yenye intaneti nzuri itakuwa na foleni. Mwekeni mjukuu wa miaka kumi na tano mlangoni na karatasi yenye safu nne: jina, mahali familia ilipo, saa ya kwao, saa ya hapa. Safu ya saa ya kwao ndiyo inayookoa siku. Bila hiyo, kijana hupiga simu akamkuta mama yake saa tisa usiku. Mezani pawe na chaja, visikilizio viwili, na boksi la tishu. Watalia, na mjukuu wenu ataona jambo ambalo hakuna hotuba ingemfundisha.

Wageni waambiwe mapema: wamisionari vijana hawatengani na wenza wao, hawaogelei, na hawachukuliwi kwenye matembezi kama binamu waliokuja likizo. Wasiwatanie kuhusu wachumba. Wasiweke mtandaoni picha zinazoonyesha majina na nyumba wanazoishi.

### Wageni wasio waumini, au walioacha

Familia nyingi zina mtoto mmoja au wawili ambao hawaendi tena kanisani, na ndio wanaokuja na wasiwasi zaidi. Wanajiuliza kama wamealikwa kula Krismasi au kufundishwa masomo.

Wapeni ratiba kabla hawajasafiri, na kila jambo la kanisa liandikwe "kwa anayependa." Mumaanishe hivyo. Mkwe akisema atabaki nyumbani Jumapili, jibu ni "sawa, saa saba tutarudi tule," basi. Msiwatume wamisionari vijana wakae karibu naye mezani kwa makusudi. Atagundua. Kwa upande wao, waombeni waheshimu Neno la Hekima, sheria ya afya ya Kanisa, ndani ya nyumba yenu: kahawa na bia zinywewe kwingine. Hilo mkilisema kwa simu mwezi wa kumi ni utaratibu. Mkilisema mlangoni, begi likiwa bado mkononi mwake, ni karipio.

## Hatua ya 8: Mkesha na siku yenyewe

Mkesha uwe mfupi. Someni Luka 2, mkigawana mistari, na mtoto anayesoma kwa shida apewe mstari mfupi aliouzoea tangu mchana. Kisha ongezeni 3 Nefi 1 katika Kitabu cha Mormoni, habari ya usiku ambao jua lilizama na giza lisiingie. Familia nyingi huzima taa na kuwasha mshumaa. Kwa sura hii fanyeni kinyume: watoto wakimbie kuwasha kila taa ya nyumba, na ya bafuni, na tochi za simu, ndipo msome. Wataikumbuka.

Asubuhi ya tarehe 25 ni ya familia hadi saa mliyokubaliana, tuseme saa tano. Mlango ukishafunguliwa kwa wamisionari na waumini, siku si yenu tena, na msijaribu kuirudisha. Ndiyo sababu zawadi, picha ya familia na sala ya pamoja viwe vimekwisha kabla ya saa hiyo.

Chakula kipikwe jana yake kadiri inavyowezekana. Kilichopikwa kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Wageni wanaoharisha sikukuu ni habari nyingine kabisa.

Msiwasahau waliobaki. Kama watoto wawili wamekuja na watatu hawakuweza, wapigieni hao watatu kabla hawajaona picha. Mpigieni kila mmoja peke yake. Anayekosa nauli huumia kimya, na picha ya wenzake wamemzunguka mama haimsaidii.

## Hatua ya 9: Mkiitwa ghafla

Kijana ataugua, bomba litapasuka, au simu ya msiba itaingia. Mkubaliane tangu mwanzo nani kati ya wageni anashika nyumba: ana ufunguo wa ziada, namba ya teksi, namba ya hospitali, na anajua chakula kiko wapi. Mwe mmemtaja kwa jina mbele ya wote. Mkitoka, semeni mnakwenda wapi na mnatarajia kurudi saa ngapi, hata kama ni kukisia.

## Hatua ya 10: Kuondoka, na kesho yake

Pimeni mabegi usiku wa kuamkia safari, si uwanjani. Agizeni gari la kuwapeleka lililo kubwa kwa mizigo iliyoongezeka, maana haipungui kamwe.

Kesho yake wekeni kazi nyepesi inayowatoa nje ya nyumba: kupeleka vifurushi vilivyochelewa, kumtembelea muumini aliyekosa sikukuu kwa ugonjwa. Msikae ndani mkikusanya soksi za mjukuu zilizosahaulika chini ya kochi. Hiyo siku ni ngumu, hasa kwa anayehudumu bila mume au mke, na akiijua mapema haimshiki kwa ghafla. Mwandikieni rais mistari miwili: wageni wameondoka salama, na kazi ipi imerudi mikononi mwenu.

## Yanayokwama mara nyingi

"Rais amekataa tarehe zetu." Ombeni wiki ya kwanza ya Januari. Nauli hushuka, misheni inatulia, na wajukuu hawajali kalenda ilimradi zawadi zipo. Angalieni tu shule zinafungua lini.

"Wanataka tuwatembeze nchi nzima." Ninyi mna siku mbili za uhuru mlizoandikiwa. Wakitaka kuzunguka, wazunguke wenyewe kabla ya kufika kwenu au baada ya kuondoka.

"Wanasema basi sisi ndio turudi nyumbani Krismasi." Ruhusa ya kurudi kwa muda mfupi ipo kwa mambo mazito ya familia, kwa gharama yenu na kwa idhini. Sikukuu inayokuja kila mwaka si hoja nzuri ya kuitumia, hasa kama kuna harusi au uzazi unaokaribia.